Sifa za Kutunza Tovuti ya Biashara Ndogo

Kutunza tovuti ya biashara ndogo ni kazi isiyo na mshahara, likizo wala mwisho, na kwa hiyo inastahili sifa kuliko kazi zote za dukani. Kuuza huleta fedha, kukopesha huleta marafiki, lakini kazi hii haileti chochote cha kuhesabu jioni wakati wa kufunga. Anayeifanya huifanya kwa moyo safi.

Nasaba yake ni ya heshima. Tovuti ya kwanza duniani iliundwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, na mwaka 1991 ikafunguliwa kwa umma. Kikoa cha .tz kilianza mwaka 1995. Mwaka 2006 iliundwa tzNIC kusimamia majina yake, na baadaye jukumu hilo likaingia mikononi mwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Hivyo gesti ya vyumba kumi Sumbawanga, mji ambao kwa miaka mingi uliwashiwa umeme ulionunuliwa Zambia, huweza kuwa na ukurasa wake kwenye kompyuta iliyoko Ulaya au Marekani. Ubalozi mdogo kama huo haukosi gharama.

Tovuti huzaliwa siku ya furaha. Kijana wa steshenari huijenga kwa WordPress, hupiga picha za vyumba, hulipwa, kisha huhamia Mbeya au Dodoma na paswedi zote. Hapo ndipo fadhila ya kwanza inapojitokeza, nayo ni kudumisha undugu. Hakuna mjomba anayemjulia hali mpwa wake kwa upole kama mwenye tovuti anayetafuta paswedi.

Fadhila ya pili ni elimu. Ukurasa usioguswa huhifadhi historia ambayo vitabu vya shule vimekwisha kuifuta. Humo Mpanda bado iko mkoani Rukwa, ingawa Katavi, ulimo mji huo, ulifanywa mkoa kamili mwaka 2012. Mteja hushauriwa apige namba ya Zain, jina lililogeuka Airtel mwaka 2010, na alipie kwa Tigo Pesa, iliyobadilika kuwa Mixx by Yas mwaka 2024. Anayeketi kurekebisha mambo hayo hupitia upya miaka mingi ya taifa lake kwa bando la siku moja.

Fadhila ya tatu ni nidhamu ya kalenda. Jina la kikoa hulipiwa kwa mwaka. Cheti cha usalama cha bure kinachotolewa na Let's Encrypt hudumu siku 90. Programu jalizi hudai kuhuishwa wakati wowote zipendapo, na mara nyingine moja ikihuishwa nyingine hugoma. Cheti kikiisha bila kuhuishwa, kivinjari humwonya mgeni kwamba mahali hapo si salama. Gesti yenye geti la chuma, mlinzi na mbwa wawili huonekana pango la wezi.

Fadhila ya nne, kubwa kuliko zote, ni ukweli. Tovuti husema kwa niaba ya mwenye biashara hata akiwa amelala, na haisahau alichoiambia. Ni Julai, baridi ya uwanda wa Ufipa, uliko mji wa Sumbawanga, imewafanya watu wavae makoti, na ukurasa bado unawatakia wageni Krismasi njema. Msafiri aliyeshuka basi la kutoka Tunduma husimama mapokezi, simu mkononi.

“Hiyo bei ya zamani, kaka,” anasema mhudumu.

“Lakini si ndiyo iliyoandikwa kwenye tovuti yenu, dada?”

Mhudumu huisoma kwa mshangao, maana ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Wafanyabiashara wa mahindi, ambao bei yao wakati wa mavuno si ile ya Januari, wamepata dawa: huandika “bei: piga simu”. Hekima hiyo ingekamilika kama namba yenyewe isingebadilika.

Wapo wanaosema WhatsApp inatosha. Kweli, lakini tangazo la “status” hutoweka baada ya saa 24, na uongo wake hutoweka nalo bila mtu kutubu. Tovuti haitoi msamaha wa namna hiyo.

Wengine husema kilichojengwa vizuri hakihitaji kutunzwa, na hutoa mfano wa kazi ya kale. Malungu, matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyeyushia chuma, mengine bado yamesimama mashambani, ingawa moto wake ulizimika muda mrefu uliopita na hakuna anayeyalipia ada. Hoja ina uzito. Ila lungu halikuwahi kumuahidi mtu maji ya moto.

Utunzaji wenyewe ni mfupi kuueleza. Kikoa kisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi. Paswedi ziandikwe kwenye daftari linalofungiwa pamoja na leseni. Nakala ya tovuti ihifadhiwe kando kabla ya kuhuisha programu yoyote. Kila mwezi, kwa nusu saa, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina asome ukurasa mzima kama mgeni, apige namba iliyoandikwa aone nani atapokea, alinganishe bei na ile ya kaunta, na afute salamu za sikukuu zilizopita. Yakitimizwa hayo, kazi imekwisha hadi mwezi ujao.