Nta ya Gari na Vumbi la Voi

Muhibu wangu mmoja wa hapa Voi, aliyeyadharau maduka ya sokoni kwa kuwa bei zake ni nafuu mno kuaminika, alipanda gari la moshi hadi Mombasa kutafuta nta ya kung'arishia gari, akarejea na chupa tano, mbili zikiwa za magurudumu peke yake, pamoja na kitambaa laini ambacho, wallahi, hata mwanawe mchanga hajapata kufutwa kwa mfano wake. Akalisugua gari mpaka likafaa kunyolea ndevu. Kisha akashika njia ya udongo kwenda kwa wakweze. Ama ardhi ya huku, iliyo nyekundu kwa chuma kilichomo, haina taadhima kwa bei ya nta: ndovu wa Tsavo, ambao kwa asili ni wa kijivu, hujipaka iyo hiyo bure, na watalii hulipa fedha nyingi kuja kuwatazama. Na maji ya chemchemi za Mzima, ambayo yangefaa kuoshea, sehemu yake hushuka kwa bomba hadi Mombasa, huko huko alikonunua nta. Jioni nilimkuta, ndoo mkononi, akimngojea mwenye mkokoteni wa maji; akaniuliza kwa upole kama najua wauzapo turubali.