Jinsi ya Kulijua Gitaa Kabla Hujaliuza

Usianze na solo ya mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe. Najua ndiyo iliyokufanya ununue gitaa, lakini anayeikimbilia jioni ya kwanza, jioni ya pili huwa anatafuta mteja. Mbaraka ataendelea kukungoja. Wewe shika nyuzi kwanza.

Zipo sita, na zinahesabiwa kutoka chini: wa kwanza ni ule mwembamba ulio karibu na magoti, wa sita ni mnene ulio karibu na kidevu. Hapo ndipo wengi hugombana na mwalimu, maana uzi ulio chini ndio wenye sauti ya juu. Usibishane, zoea. Kuanzia mnene majina ni E, A, D, G, B, E. Yakikuponyoka, kariri hivi: "Eti Ali, dereva, gari bovu endesha!" Sema kwa sauti, hata wa nyumbani wakucheke. Watakaposema nao, mtakuwa mmejifunza wote.

Sasa njoo shingoni, kwenye vile vyuma vinavyoikatiza, yaani freti. Usikariri ubao mzima. Utaumwa kichwa bure. Chukua uzi wa sita peke yake. Ukiwa wazi ni E. Freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C, ya 10 ni D, na ya 12 unarudi kwenye E, juu zaidi. Umeona siri? Kila herufi huruka freti mbili, isipokuwa E kwenda F na B kwenda C, ambazo zimebanana kama abiria wa daladala. Sheria hiyo haibadiliki kwenye uzi wowote. Na kwa kuwa uzi wa kwanza nao ni E, ukiujua wa sita umeujua na wa kwanza. Zawadi kubwa hiyo!

Bonyeza nyuma tu ya chuma, si juu yake. Vidole vitauma, vitapona.

Neno kwa wanakwaya: "do" yenu huhama kila wimbo unapobadilishiwa ufunguo, lakini A ya gitaa haihami. Msivichanganye.

Kisha jipime. Bonyeza freti ya 5 ya uzi wa sita: ni A, sawasawa na uzi wa tano ukiwa wazi. Endelea hivyo kushuka, ila kwenye uzi wa tatu bonyeza freti ya 4 ndipo upate B. Zisipolingana, kaza au legeza. Kwa njia hiyo unajifunza majina na kulitengeneza gitaa kwa pamoja, na ndiyo maana naipenda kuliko nyingine zote.

Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, na gitaa moja likasikika kama mawili. Dole gumba linalotembea kwenye nyuzi nene lazima lijue liko wapi.

Basi leo, kabla hujalala, taja nyuzi sita kwenda na kurudi, halafu panda uzi wa sita hadi freti ya 12 ukitaja kila herufi. Wimbo utaanza kesho.