Jinsi ya Kumrekebisha Mtu wa Voi kwa Ujumbe Mmoja

Anza na "Mpendwa", kisha jina lake. Hapo umekwisha kumlenga yeye binafsi. Yaliyobaki yawe yale yale kwa wote, dereva wa lori aliyelala Voi na nyanya wa Wundanyi ambaye hajawahi kushika sigara.

Usimwachishe tabia moja moja. Muguka hauliwi bila bigijii na soda, stimu ikipanda inadai sigara, na usiku usingizi ukigoma inatafutwa pombe ya mbangara. Mtu mwenye akili angeuliza ni ipi inayozivuta nyingine, aanzie hapo. Wewe zipige marufuku zote Jumatatu.

Chumvi, mwandikie isizidi gramu 5 kwa siku. Usitaje kijiko cha chai, akielewa atapima. Mazoezi, dakika 150 kwa wiki, alfajiri. Akiwa anaishi Sagalla, ambako watu wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba ili kuwazuia ndovu wa Tsavo, mbio zitakuja zenyewe.

Usimuulize kama yuko tayari. James Prochaska na Carlo DiClemente waliwachunguza wavuta sigara Marekani, na mwaka 1983 wakaandika kwamba mtu huacha kwa hatua: yupo asiyewaza kabisa kuacha, yupo anayewazawaza, yupo aliyekwisha kuanza, na kila mmoja ana neno linalomfaa. Hayo ni ya Marekani. Sisi Mei 2024 kaunti yetu ilipiga marufuku muguka, na bila shaka watu wote waliruka hadi hatua ya mwisho siku hiyo hiyo.

Zaidi ya yote, mwepuke mhudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023, serikali ilipoanza kuwagawia mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, huyu mama anaingia hadi jikoni. Anajua mzee ana presha, na anajua chumvi hutiwa na mama mkwe. Ujumbe wako utamfuata mama mkwe vipi?

Wapo waliojaribu njia nyingine. Katika kliniki tatu nchini Kenya, watu wanaotumia ARV walitumiwa neno moja kila wiki: "Mambo?" Wakajibu "Sawa" au "Shida". Utafiti huo ulichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010: walioulizwa walizingatia dawa kuliko wasioulizwa. Usithubutu. Akijibu "Shida" itabidi mtu ampigie, na pesa za simu zilishaishia kwenye semina ya uzinduzi.