Namna ya Kuchagua Chuo cha Uhasibu Bila Kutoka Forodhani

Ujumbe umeingia kwenye simu: umechaguliwa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, umechaguliwa na IFM, chuo cha fedha cha Dar, kote ni uhasibu, na Tume ya Vyuo Vikuu inataka uthibitishe kimoja tu. Usibonyeze bado. Chukua daftari la mistari, kalamu mbili na nauli ya daladala hadi Darajani. Shuka, kata vichochoro vya Mji Mkongwe kwa miguu mpaka Forodhani, ufike jua halijazama. Usiende na ami yako. Ami ana chuo chake tayari, na sababu yake ni kwamba mtoto wa jirani alisoma huko na sasa ana gari.

Kaa kwenye ukuta wa bahari, lakini uipe bahari mgongo. Ukiitazama utaona boti zinaingia kutoka Dar, na kijana aliyemaliza skuli juzi akiona boti hutamani kuvuka, hata kama angekuwa amechaguliwa kusomea kufuma mikeka. Boti si kigezo. Joho si kigezo. Geti la chuo, hata liwe na maandishi ya dhahabu, si kigezo.

Fungua daftari, piga mstari katikati: SUZA kushoto, IFM kulia. Andika gharama. Ada ndiyo rahisi kuliko zote, imo kwenye barua, na ndiyo maana wengi huishia hapo. Wewe andika zisizo kwenye barua. Upande wa SUZA weka daladala ya kwenda chuoni na kurudi kila siku ya masomo, chakula cha mchana, na saa zitakazopotea kwa kutumwa dukani kwa kuwa bado unalala kwenu. Upande wa IFM weka boti, chumba, godoro, chakula cha mama ntilie, Idi zote mbili, harusi ya dada yako, na mazishi. Ndiyo, mazishi. Hayangoji likizo, na hakuna mtoto wa Unguja atakayekaa Dar akaambiwa bibi yake amefariki akasema nauli haikuwemo kwenye bajeti. Kisha andika mapato. Kuhusu mkopo, nenda mwenyewe Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ukaulize masharti kwa mdomo wako. Usichukue takwimu za baraza la Jaws Corner. Pale kuna kahawa nzuri na wajuzi wa mpira.

Sasa njaa itakuwa imeuma. Sogea kwenye meza ya Zanzibar pizza, agiza ya nyama, na utazame mikono. Donge la unga linatandazwa kwa mafuta mpaka linakaribia kupenya mwanga, kipande kingine kidogo kinawekwa katikati, kima, kitunguu, pilipili boga, yai, mayonaizi, vinakorogwa palepale, unga unakunjwa pembe nne, unatua kwenye chuma cha moto. Foleni ikipungua, muulize kwa adabu: "Kaka, yai likipanda bei, na wewe unapandisha?" Utashangaa. Hana kalamu, lakini anajua unga, yai, kima na moto wa kila pizza, na anajua kwamba ujira wa kijana anayemsaidia uko palepale auze 10 au auze 100. Hiyo ni mihadhara ya mwezi mzima, ameitoa huku akigeuza.

Kwa nini nakupeleka huko? Kwa sababu hesabu za biashara ya kweli kama hiyo ndizo za kukiulizia chuo. Jioni pale hawakosekani wahitimu wa pande zote mbili, wametoka na watoto wao. Mtafute mmoja wa kila chuo umuulize: katika miaka yako mitatu, ulishika mara ngapi hesabu za biashara ya kweli, yenye stakabadhi zilizolowa mafuta na siku ambazo hazikuandikwa? Mafunzo kwa vitendo ulifanyia wapi, na ulikabidhiwa leja au ulikabidhiwa birika la chai? Andika majibu kama yalivyo.

Historia ya vyuo vyenyewe nitaipita haraka. IFM iliundwa kwa sheria ya 1972, mwaka uleule ilipopitishwa sheria ya NBAA, bodi inayosajili wahasibu nchini, na iko Mtaa wa Shaaban Robert, si mbali na gati. SUZA iliundwa kwa sheria ya 1999 ikaanza kufundisha 2001. Mwaka 2016 kiliunganishwa nayo Chuo cha Uongozi wa Fedha cha Chwaka. Popote utakaposoma, ukitaka kuitwa CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa, utakalia mitihani ileile ya NBAA, na msahihishaji hajui ulikuwa ukipanda daladala au boti.

Lililobaki ni moja, na hili nalisema kwa moyo wote: unataka kufunga hesabu za nani? Hoteli ya Nungwi ina mabwana wawili wa kodi. VAT yake inakwenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyokuwa ZRB hadi 2022. Kodi yake ya mapato inakwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kwa kuwa hilo ni jambo la Muungano. Benki ya Watu wa Zanzibar nayo imekuwa na huduma za Kiislamu tangu 2011, na mkataba wa murabaha, ambapo benki hununua kitu na kukuuzia kwa faida, hauandikwi vitabuni kama mkopo wa riba. Kwa hiyo chukua mtaala wa kila chuo, tafuta sheria za kodi za Zanzibar, tafuta fedha za Kiislamu. Ukiwa na nia ya kufanya kazi hapa na chuo hakizigusi, kipunguzie alama nyingi. Ukiwa na nia ya kampuni kubwa za ukaguzi, nyingi ziko Dar, basi vuka bila kuona haya.

Mimi ningependa wengi wabaki. Katika karne ya 19, kwenye ufuo huuhuu, mfanyabiashara Jairam Shivji alikodi forodha ya Sayyid Said. Sultani akapokea kiasi walichokubaliana kwa mwaka, Jairam akakusanya ushuru na kushika vitabu, na baadaye masultani wakajikuta na deni kubwa kwa kampuni yake. Watu wa visiwa hivi wameshaona nini hutokea mwenye mali anapokuwa mmoja na mwenye kujua hesabu anapokuwa mwingine. Leo kuna hoteli, bandari, karafuu na mwani, na vyote vinahitaji vijana wa hapa wanaoweza kusoma mizania mpaka mstari wa chini na kuuliza: hii imekwenda wapi?

Jumlisha safu zako mbili. Toa simu, ingiza namba ya siri uliyotumiwa, thibitisha chuo kimoja kabla dirisha halijafungwa, na usubiri ujumbe wa kukubaliwa. Ukishafika, ndipo umpigie ami.