Pete Kumi na Mbili za Jomvu Kuu

Ukitaka watu wa Jomvu Kuu wakuulize kama umepimwa malaria, kaa barazani mwezi wa Machi, jua la saa nane likichoma mabati, ushone mfarishi. Mwuza maji anasimamisha mkokoteni. "Fundi, hilo zito la nani?" La mpwa wangu. "Ana homa?" Hana homa, anahamia Limuru.

Limuru ndiyo iliyoniponza. Kwetu huku, hata Julai kusi ikivuma, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20, na shuka moja inatosha. Nayo huamkia sakafuni. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na watu wanalala na soksi. Bwana harusi ni kijana wa Kisauni aliyepata kazi huko. Mamake bi harusi alikwenda kuiona nyumba, akarudi na mafua na uamuzi: mwanawe hatoki Jomvu bila mfarishi. Tena si mfarishi wowote. Kongowea, kwenye marobota ya mitumba, alikuwa ameokota tandiko la Kimarekani lililochakaa, lote pete tupu zilizofumana. Akalitupa juu ya cherehani yangu, akasema, "Kama hili, lakini jipya, na la leso."

Huko Marekani mshono huo huitwa pete mbili za ndoa. Magazeti kama Capper's Weekly na Kansas City Star yaliuchapisha mwaka 1928, ukashika moto miaka ya 1930, dunia ikiwa kwenye ukata mkubwa, kwa sababu unakula vipande vidogo vidogo vya magauni makuukuu na magunia ya unga. Ukata tunao, vipande tunavyo. Nikaona kazi imeniangukia mahali pake.

Bibi zetu walikuwa na akili zaidi. Karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado kwenye jora, wakavikata vitatu vitatu, wakaunga safu mbili, wakapata leso ya kujifunga. Mraba kwa mraba, mshono umenyooka, kazi imekwisha, twende harusini. Hakuna aliyewaza kupinda.

Pete kwanza haikatwi nzima. Inajengwa kwa pinde, na kila upinde nilioushona mimi una vipande sita vilivyopanuka juu na kubana chini. Kati ya pinde mbili hukaa kitambaa kilichochongoka ncha zote mbili kama mtumbwi, na tumboni mwa pete hukaa kitambaa kitupu chenye kingo nne zilizobonyea ndani. Pete jirani zinachangia mtumbwi mmoja, kwa hiyo huwezi kushona pete yako ukaimaliza ukamwachia jirani shida zake. Ukikosea moja, umewakosea wote. Sasa kabla ya kushika mkasi lazima ujue pete zitakuwa ngapi na zitakaa vipi, na hapo ndipo baraza letu lilipojaa.

Nilianza na mchoro rahisi: pete moja kubwa katikati, pembeni nyeupe. Shangazi akaipindua karatasi kuona kama kuna ya pili nyuma. "Pete moja? Mwenzake amekufa?"

Nikachora mbili. Zilikuwa nzuri, lakini kwa kitanda cha futi tano kwa sita zingefunika magoti tu, na baridi ya Limuru, kwa maelezo ya mamake bi harusi, huanzia puani. Nikachora nne, mbili juu, mbili chini. Hapo mamake bi harusi aliinuka. "Nne! Unamtabiria mwanangu wake wenza watatu, juu ya kitanda chake mwenyewe?" Nikamwambia ni hesabu ya kitambaa tu. Akasema hata sheria ilianza kama hesabu.

Tisa zilionekana salama, maana hakuna mwanamume wa Kisauni mwenye uwezo huo. Ila ami yangu, ambaye hajawahi kutunga uzi kwenye sindano, akaiona tisa akakaa kitako. "Hizo ni Tisa Taifa," akasema. "Tatu Taifa mmewaacha wapi?" Na kwa mtu wa Jomvu Kuu hilo si swali la kupuuza. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili: matatu ni Kilindini, Tangana na Changamwe, na tisa ni Mvita, Jomvu, Mtwapa, Kilifi, Pate, Shaka, Faza, Gunya na Katwa. Ami alichukua penseli yangu, akaongeza safu moja. Tatu kwa nne, kumi na mbili. Mfarishi ukawa hati.

Uzuri wa mpango huo, na ubaya wake, ni kwamba ukitoa safu moja ya Tatu Taifa, zinabaki tatu kwa tatu, na tatu kwa tatu ina katikati. Ami akaandika pale kati: Jomvu. Mgeni mmoja mwenye asili ya Mvita, aliyekuja kudai deni la samaki, akachungulia, akafuta, akaandika Mvita. Ami akafuta. Karatasi ikatoboka. Likaja swali la pili, zito kuliko la kwanza: safu ya Tatu Taifa ikae kichwani au miguuni? Mtu wa Changamwe akikubali kulaliwa na miguu ya msichana wa Jomvu, jirani zake watamwonaje? Mimi nilikuwa nataka kujua upana wa upapi tu. Wazee waliondoka saa ya alasiri bila mwafaka, na deni la samaki halikutajwa tena, jambo ambalo naamini ami alilipanga tangu mwanzo.

Pete kumi na mbili, kwa wanaopenda hesabu, ni mitumbwi 31, pinde 62, na vipande vya pinde 372. Kitambaa cha kati nilinunua merikani, Biashara Street, jambo lililonifurahisha peke yangu: merikani ndiyo nguo iliyoletwa Unguja na meli za Salem karne ya 19, na sasa ilikuwa inabeba mshono wa kwao, imepitia Kongowea. Nilimweleza mwenye duka. Akaniuliza kama nataka risiti.

Leso zilikuja zenyewe. Kila mwanamke wa ukoo alileta moja iliyofiwa na pacha wake, maana doti ikishavunjika ile iliyobaki haina kazi ila kufunikia unga. Kila moja ilikuja na sharti. Hii usikate pindo. Hii usikate mji. Hii nilipewa na marehemu, weka karibu na kichwa. Shangazi alileta yake akasema nisiiweke kwenye pete moja na leso ya wifi yake, wala zisitazamane. Kwenye mshono ambao kila pete imefumana na mwenzake, sharti kama hilo lina thamani ya shahada ya uhandisi.

Sasa mshono wenyewe. Una kingo mbili: moja imetuna, nyingine imebonyea. Ukiziweka pamoja hazikubaliani, kwa sababu zinatazama pande tofauti. Fundi aliyezoea mapazia hapa anavuta, na akivuta kitambaa kinapata mdomo. Aliyenifungua macho ni jirani yangu mshona kofia. Kofia ya vito ni duara la juu lililoungwa na ukanda wa pembeni, na yeye amezunguka duara hilo miaka na miaka. Alishika vipande vyangu kwa ncha za vidole. Akakunja kilichotuna katikati, akapiga kucha kuacha alama. Akakunja kilichobonyea, akapiga kucha. Akakutanisha alama na alama, akatia pini. Akatia pini ncha hii na ncha ile. Kisha akageuza kilichobonyea kikae juu, macho yakione, akakichanja ukingoni kwa mkasi mdogo, mchanjo usiofika kwenye mstari wa mshono, na kikaanza kulegea na kulala chenyewe. "Usikivute," akasema. "Kisindikize." Alisema hivyo akiwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo nilimwomba arudie.

Hesabu yake haina huruma. Ukila milimita moja ya ziada kwenye mshono, imeliwa pande zote mbili, kwa hiyo ni mbili. Upinde wa vipande sita una mishono mitano katikati. Umeshapoteza sentimita nzima, na upinde wako ni mfupi kuliko mtumbwi uliotakiwa kuukumbatia. Halafu unamsikia mtu anasema kushona ni kazi ya walioshindwa hisabati.

Siku moja nikiwa nafumua, nilimsimulia shangazi habari za Wasidi wa Karnataka, India, ambao wengi wao asili yao ni upande huu wa Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi. Wanaanza pembeni na kuzunguka kuelekea kati, kwa mkono, kiraka kwa ukubwa wake kilichojaaliwa, hakuna hesabu ya pinde. Sharti lao ni vijiua vya kitambaa kwenye pembe nne, la sivyo mfarishi uko uchi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akatazama lundo langu la pinde fupi. "Hao waliondoka huku na akili yote," akasema, "wakatuachia wewe."

Cherehani yangu ni ya miguu, haijali stima. Pasi ndiyo inayojali, na mshono uliopinda usipopigwa pasi huinuka katikati ukawa kifuniko cha sufuria. Stima zikapotea wiki ile ile, nikaazima pasi ya makaa. Pasi ya makaa ni mnyama mzuri ila ana tabia ya kupiga chafya. Cheche ikaruka, ikatua safu ya chini, ikaacha kitobo cha ukubwa wa punje ya dengu. Ami aliitwa kukagua. Akatazama ni pete ya nani kwenye ile karatasi yake, akakuta Changamwe. Akatikisa kichwa. "Watasema tumewachoma makusudi." Nilitia kiraka juu ya kitobo, akataka kiraka kiwe cha hariri, iwe fidia.

Vipande vya pinde vilipangwa na mpwa wangu wa darasa la nne. Nilimpa kazi hiyo kwa kuwa ana jicho la rangi: nyekundu isikutane na nyekundu, kahawia isilale na nyeusi. Alipanga vizuri sana. Hakuna aliyekumbuka kwamba leso ina jina, na kwamba ukiikata vipande, neno moja moja linabaki limesimama juu ya kipande likisubiri jirani.

Tuligundua siku ya kuonyesha vyombo. Mfarishi ulitandikwa kitandani, na nasema bila aibu kwamba ulipendeza: pete zimefumana, kingo zimepinda mawimbi, upapi umekatwa mshazari ukazunguka bila kukunja uso. Wageni wa Kisauni wakaingia, wakapiga vigelegele. Kisha dadake mavyaa akavaa miwani.

Wanawake wa Mombasa hawatazami leso, wanaisoma. Alianza pete ya juu kulia, kidole kikizunguka. KARIBU. DENI. Akaguna. Akaenda ya pili. SUBIRA. NDIZI. Hilo halikumdhuru mtu. Kidole kikashuka pete ya kati, ile ya Jomvu, iliyopiganiwa mpaka karatasi ikatoboka. Pale palikuwa na kipande cha leso iliyosema mavyaa ni mama wa pili, na kipande cha leso iliyouliza mbona mwanichukia, na kipande cha leso iliyosema choyo hakina faida, vyote kwenye upinde mmoja, rangi zikipatana ajabu.

"Mavyaa, mbona choyo," akasoma kwa sauti.

Vigelegele vilikatika mdomoni. Mamake bi harusi alinitazama kwa jicho la kunifukuza ukoo. Shangazi akadai ni bahati tu ya kitambaa, na mgeni mmoja akamjibu kwamba leso haina bahati, ina mwenyewe. Mpwa wangu wa darasa la nne, ambaye angeweza kutetea kwa hoja ya rangi, alikuwa ameshapita dirishani. Mavyaa mwenyewe, mama mnene mwenye sauti ndogo, akainama, akapitisha kiganja juu ya ule upinde, akaubinya kama anayekagua embe. Akaagana na kila mtu kwa adabu zote. Usiku ule nilichukua kifumulio nikakaa mbele ya pete ya kati, na nikaacha. Kufumua upinde mmoja ni kufumua mtumbwi wake na taifa zima la Jomvu, na harusi ilikuwa Ijumaa.

Harusi ikapita. Maharusi wakapanda gari la Nairobi na mfarishi wao. Wiki iliyofuata mavyaa akateremka tuktuk mlangoni kwangu, na furushi kwapani. Nikamkaribisha, nikamwagizia soda, nikaanza maneno ya kuomba radhi. Hakuyasikiliza. Akakunjua leso tatu mpya juu ya cherehani, akatia kidole kwenye jina la ya kwanza, neno MKAMWANA. Akaenda ya pili, akachagua neno jingine. Ya tatu, jingine. Akaniambia yakae kwenye pete ya kati ya mfarishi wa pili, kwa mpangilio ule ule, nao utumwe Limuru kwa basi.

Nikamwambia inawezekana, ila mshono wa mviringo una bei yake, tena nusu ni malipo ya mbele.

Akafunga pochi.

"Fundi," akasema, "mbona choyo?"