Kamera Iliyoposwa

Kamera ya shangazi iliingia Tanga wiki ya harusi, imeviringishwa kwenye soksi nene katikati ya sanduku la binamu yangu, pamoja na udi, ubani na vitambaa vya kanzu. Shangazi anaishi Muscat. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mguu, daktari akamkataza kupanda ndege, na aliyekuwa anaolewa ni mdogo wangu wa mwisho, binti aliyelelewa mikononi mwake mpaka shangazi alipohamia Oman. Kwa hiyo akamtuma mwanawe, binamu huyo, na kamera akampa yeye. Agizo lake lilikuwa fupi: "Nataka nimuone mwanangu usiku uleule. Si kesho. Na msinitumie zile picha za giza za kwenye magrupu."

Tuliichukua kama amana. Nikaha ilifungwa baada ya alasiri, na binamu alipiga picha tangu bwana harusi anaingia kumpa mkono bibi harusi mpaka sinia la mwisho la pilau. Kisha akaenda chumba cha wavulana akalala kama gogo. Mama akasimama mlangoni akasema mtoto wa watu hajalala tangu safari, asiguswe. Isha ilikuwa imepita. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, na ujumbe wa sauti wa shangazi ulikwishaanza kuingia kwenye simu yangu: "Mwanangu, ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye kadi ya kamera, na nyumba nzima haikuwa na kompyuta wala kisomeo cha kadi. Waya uliokuja na kamera ulikuwa wa kuchajia tu. Nyaya za namna hiyo zimejaa madukani, ndani zimepitishwa umeme peke yake bila njia ya kupitishia mafaili. Maduka ya Ngamiani yalikuwa yamefungwa. Ikabaki njia ya hewani, nami nikapakua programu ya kamera ile kwenye simu yangu.

Jambo la kwanza programu iliomba ruhusa ya kujua mahali nilipo. Mama, aliyekuwa ameketi pembeni yangu akichambua vyombo vya watu, akauliza kitu cha picha kinataka kujua tunakaa wapi ili iweje. Aliuliza la maana, na kila mtu angepaswa kuuliza vilevile kabla ya kubonyeza. Jibu ni kwamba tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, programu inayotafuta vifaa vya jirani kwa Bluetooth ililazimika kuomba ruhusa hiyo, kwa sababu mawimbi ya vifaa vilivyokuzunguka yanaweza kumwambia mtu uko duka gani au mtaa gani. Toleo la 12, la mwaka 2021, ndilo lililoleta ruhusa ya peke yake ya vifaa vilivyo karibu. Simu yangu ni ya kabla ya hapo. Mama akaridhika kwa sharti kwamba nikimaliza niifute ruhusa hiyo, na niliifuta.

Simu ikatafuta. Ikaona redio ya jirani, ikaona spika ya bwana wa muziki aliyekuwa bado anakunja nyaya uani, ikaona hata saa ya mkono ya shemeji. Kamera, iliyokuwa mapajani mwangu, haikuiona. Tukaizima kamera, tukaiwasha, tukaichaji, hakuna kitu. Kwenye kioo chake palikuwa na alama ndogo ya Bluetooth inayowaka, na maneno chini yake yalikuwa ya Kiarabu, kwa maana huko ndiko iliponunuliwa. Watoto wanaosoma madrasa wakaitwa. Walizisoma herufi vizuri kabisa, kwa sauti, lakini maana hakuna aliyeijua.

Akaitwa baba mkubwa. Yeye alifanya kazi bandarini Matrah miaka yake ya ujana na Kiarabu chake ni cha kuuza na kununua. Akavaa miwani, akaishika kamera mbali na uso, akaisoma polepole, kisha akairudisha kwangu.

"Inasema imeshaunganishwa."

"Na nani, baba mkubwa?"

"Hilo halikuandikwa. Lakini hii imeshaposwa, mwanangu. Unabisha hodi kwenye nyumba ambayo mahari yamekwishapokelewa."

Alikuwa amesema kweli tupu. Kamera ya aina hii ikishafungamanishwa na simu humshika huyo mmoja, na kila inapowashwa humwendea yeye kimyakimya kama yuko jirani. Haijitangazi kwa wengine. Simu ya binamu ilikuwa juu ya friji jikoni, kwenye chaji, na kutoka jikoni hadi sebuleni kwetu hazifiki hatua kumi. Mawimbi ya Bluetooth yanapita hapo bila shida.

Kuizima simu ile kungetosha. Mama akakataa. Simu ya mgeni haizimwi, akasema, huenda kazini kwake wakampigia, au mamake. Basi mtoto wa kaka yangu akakabidhiwa simu kwa mikono miwili, aipeleke kwa jirani wa nyumba ya nne, akae nayo hukohuko na ikilia aje mbio. Alipovuka barabara tu, alama kwenye kioo cha kamera ikafifia. Baba mkubwa akanisomea menyu mpaka tukapata mahali pa kubadili lugha. Orodha ilikuwa ndefu, ina hata Kihindi, Kiswahili hakimo. Tukachagua Kiingereza, tukafungamanisha upya, na safari hii simu yangu ikaiona kamera mara moja.

Hapo ndipo ugumu mwingine ulipoanza. Bluetooth ni ya kufahamiana na kupitisha vitu vidogo tu. Picha kubwa kamera huzituma kwa waifai, na waifai hiyo huitengeneza yenyewe. Ni mtandao mdogo wa kamera na simu, hauna intaneti ndani yake. Simu ikishajiunga inaona hakuna intaneti, inadhani imepotea, inakimbilia bando. Picha moja inafika nusu, inakatika. Dawa yake ni kuzima data kabisa na kuiambia simu ibaki kwenye mtandao uleule. Nikazima.

Kwa upande wa Muscat, kuzima data maana yake ni tiki moja kwenye WhatsApp. Shangazi alikuwa ametuma ujumbe, tiki moja. Ametuma mwingine, tiki moja. Mtu aliye peke yake na mguu uliofungwa, usiku wa harusi ya mwanawe, akiona tiki moja hawazi habari za waifai. Akapiga simu ya kawaida kwa baba mkubwa, simu ya Oman isiyo rahisi kwa bei, analia: kuna nini huko, mbona kimya? Baba mkubwa akamweleza habari za posa mpaka akacheka. Wakati huo picha zilikuwa zinashuka kwenye simu yangu, moja baada ya nyingine, megabaiti kama 10 kila moja.

Nilimtumia shangazi picha hizo kama hati, maana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida WhatsApp huipunguza. Ya kwanza niliyomchagulia ni ya bibi yetu akimsomea mdogo wangu dua: mkono wake wa kulia juu ya ushungi wa bibi harusi, hina imekolea kwenye ncha za vidole mpaka karibu nyeusi, na mshipa wa nyuma ya kiganja umesimama. Katika picha zote za simu za wageni mkono ule ni doa la kahawia.

Asubuhi binamu aliamka, akafungua simu yake iliyorudishwa toka kwa jirani, akatuonyesha. Picha zote za mchana zilikuwemo. Kamera ilikuwa ikimpelekea nakala ndogo kila alipopiga, za megapikseli 2. Mama alikaa kitako. Lakini nakala ile, pikseli 1620 kwa 1080, ukiichapa kwa ubora wa studio inakupa karatasi ya sentimita 14 kwa 9. Ile ya kadi, 6000 kwa 4000, inakupa sentimita 50 kwa upana. Shangazi ameichapa ya bibi kwa ukubwa huo na ameitundika sebuleni kwake, kwa hiyo sijutii usiku ule hata kidogo.

Ninaloona lina kasoro ni kamera kusema imeunganishwa bila kutaja simu ya nani. Nyumba zetu wakati wa harusi zina simu nyingi kuliko vikombe, na jina moja kwenye kioo lingemwokoa shangazi na kile kilio. Wenye kuziunda waliweke. Na wewe uliyeazima kamera ya mtu kwa ajili ya shughuli, kabla hujairudisha ingia kwenye menyu, ifute simu yako humo.