Kambale Wawili Katika Zizi Moja

Kanuni ya upekee, yaani sharti linalokataza safu ya jedwali la hifadhidata kupokea thamani ileile mara mbili, ni bawabu asiye na mzaha, lakini katika sehemu kama Mpofi, ambako teritori za Masisi na Walikale nchini Kongo hupakana, bawabu huyo huumbuka siku ya kwanza ya kazi. Mwandalizi wa orodha ya mgao wa vyandarua, akiliweka sharti hilo juu ya jina, hudhani amewafungia mlango wenye tamaa ya kuchukua mara mbili, kumbe amewafungia Wanande waliohamia kutoka Beni na Lubero, ambao huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kambale wa kwanza husajiliwa kwa heshima, wa pili huambiwa kwamba yeye ni nakala, na wa tatu, kwa huruma ya karani aliyechoka, huingia kwa jina la Kambali.

Namba ya simu nayo haifai, kwa kuwa simu moja huweza kuhudumia ukoo mzima. Hubaki namba ya kadi ya mpiga kura, ambayo nchini humo hutumika kama kitambulisho. Ila uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi kwa sababu ya vita, na wengi hawakuandikishwa, hivyo nafasi ya namba huachwa wazi. Hapo bawabu husinzia, kwani katika hifadhidata nyingi thamani tupu, ambayo maana yake ni "haijulikani", haihesabiwi kuwa sawa na tupu nyingine, nao wasio na kadi hupita wote, hata anayepita mara ya tatu. PostgreSQL, tangu toleo la 15 la mwaka 2022, humruhusu msimamizi kuamuru kwamba tupu zote ni sawa, na akiamuru hivyo, ni mtu mmoja tu katika orodha nzima atakayekuwa na haki ya kukosa kadi.

Wataalamu hushauri jedwali lenyewe litoe namba isiyo na maana yoyote, na ushauri huo ni mwema, ijapokuwa namba hiyo huthibitisha tu kwamba 417 si 905, wala haisemi kama nyuma ya namba hizo mbili yuko Kambale mmoja au wako wawili. Swali hilo hujibiwa na bibi aketiye kando ya foleni, ambaye humtambua kila Kambale kwa jina la mama yake.